Karatasi Kabla ya Turubai: Utangulizi wa Michoro na Rangi za Maji za John Singer Sargent

Mwaka 1909 jumba la sanaa la Knoedler jijini New York lilionyesha picha 86 za rangi za maji za John Singer Sargent. Matajiri wa mji ule walimjua mchoraji huyu kwa kazi nyingine kabisa. Ndiye waliyemwendea ili awachore wao, wake zao na binti zao kwa rangi za mafuta, wakiwa wamesimama katika hariri na lulu, kwenye turubai refu kuliko mtu. Safari hii walikuta merikebu zilizotia nanga, mifereji ya Venice, Wabeduini, moshi ukitambaa mlimani na vibuyu vikining'inia katikati ya majani. Sargent hakupenda picha hizo zitawanyike, kila moja ukutani kwa mtu wake. Jumba la Makumbusho la Brooklyn likanunua 83 kwa mkupuo, kwa dola 20,000. Miaka mitatu baadaye, picha nyingine 45 zilipofika Marekani, Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Boston lilizichukua zote kabla maonyesho hayajafunguliwa.

Naanza na mauzo haya kwa sababu yanatuonyesha mtu aliyekwisha kuamua. Kiasi cha mwaka 1907, akiwa amepita miaka 50 na wateja bado wanangoja zamu, Sargent aliacha kupokea kazi za sura za watu kwa rangi za mafuta, isipokuwa mara chache alipobanwa asiweze kukataa. Tangu hapo karatasi ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kazi yake: mkaa kwa ajili ya wateja, penseli na mkaa kwa ajili ya maandalizi ya picha za ukutani katika majengo ya Boston, na rangi za maji kwa ajili yake mwenyewe.

Vitabu vingi vitakuanzishia safari kwenye turubai. Mimi nakushauri uanze na karatasi, na sababu yangu ni moja. Kwenye turubai Sargent alikwangua, akafuta, akarudia, mpaka picha ikaonekana imetoka mkononi kwa pumzi moja. Jasho lake alilificha, tena kwa ustadi mkubwa. Karatasi haikumpa nafasi hiyo. Mstari wa penseli ulio chini ya rangi bado unaonekana. Mahali alipokwangua kwa kisu pamebaki na makovu. Alipobadili mawazo juu ya mkono au shingo, mkono wa kwanza na wa pili yote iko pale pale. Wanaosema Sargent alikuwa na wepesi tu, kipaji kisicho na fikra, na wamesema hivyo tangu enzi za mhakiki Roger Fry, nadhani hawakukaa na karatasi hizi muda wa kutosha.

Maisha yake nitayapitia haraka. Alizaliwa Florence, Italia, tarehe 12 Januari 1856, kwa wazazi Wamarekani. Baba yake, Fitzwilliam Sargent, alikuwa daktari wa upasuaji huko Philadelphia. Mama yake aliitwa Mary Newbold Singer. Walikuwa wamempoteza mtoto wao wa kwanza, wakaondoka Marekani mwaka 1854, na hawakurudi tena kuweka makazi. Familia ilihamahama kwa kufuata majira, baridi mji huu na joto mji ule, kati ya Italia, Ufaransa, Uswisi na Ujerumani. John alikanyaga Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1876, akiwa na miaka 20. Alisoma uchoraji Paris kuanzia 1874 chini ya Carolus-Duran, akahamia London mwaka 1886, akafariki huko tarehe 15 Aprili 1925. Serikali ya Uingereza ilipotaka kumpa cheo cha heshima alikataa, kwa kuwa alikuwa raia wa Marekani.

Mama yake ndiye aliyemtia penseli mkononi. Naye alichora kwa rangi za maji, na inasimuliwa kwamba aliweka sharti: mtoto aanze michoro mingi kadiri apendavyo, lakini kila siku mmoja lazima ukamilike. Matunda ya malezi hayo unaweza kuyaona katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, katika daftari la mwaka 1870 lenye milima ya Uswisi, alilolijaza akiwa na miaka 14. Bado ni kazi ya mtoto. Miamba imekakamaa na theluji haina uzito. Lakini tazama jinsi anavyorudi kwenye kilele kile kile kutoka pembe nyingine, kana kwamba hakuridhika na jibu la kwanza. Tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote.

Mfano wake mkubwa ni michoro ya Virginie Gautreau. Wengi wanaijua picha iliyotokana nayo, ile ya mwanamke mweupe kupita kiasi ndani ya gauni jeusi, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1884 na kuzua kelele kwa sababu ya weupe ule na kamba ya gauni iliyochorwa ikiwa imeteleza begani. Sargent aliichora upya kamba hiyo ikiwa mahali pake, akabaki na picha hiyo kwake, na mwaka 1916 akaiuza kwa Metropolitan. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama sinema: kashfa, aibu, kisha kuhama Paris. Michoro inasimulia jambo jingine. Katika kiangazi cha 1883 alikaa nyumbani kwa akina Gautreau huko Brittany, na kwa penseli na rangi za maji akamchora bibi yule akiwa amejilaza kwenye kochi, akiwa amepiga magoti juu yake na kutazama nje, akiwa amejiegemeza, akiwa amechoka kukalishwa. Mwanamke haketi akatulia, na mchoraji hakati tamaa. Taratibu unamwona Sargent akigundua kwamba nguvu yote iko kwenye ukingo wa uso unaoonekana kwa upande: paji, pua, kidevu, mpaka shingoni. Mchoro mmoja baada ya mwingine, vitu vinapungua na mstari unakazwa. Kusimama kule kwa kiburi tunakokuona kwenye turubai kulitafutwa kwenye karatasi kwa miezi.

Michoro ya mkaa ni habari nyingine. Baada ya kufunga mlango wa rangi za mafuta, aliwapa wateja njia mbadala: uso na mabega kwa mkaa, kwenye karatasi ya sentimita 60 hivi kwa 45, na kwa kawaida kazi ilimalizika katika kikao kimoja kisichofikia saa tatu. Alichora mamia ya picha za namna hii. Mshairi W. B. Yeats alikalishwa mwaka 1908. Mwandishi Henry James alichorwa mwaka 1912 kwa ombi la mwandishi mwenzake Edith Wharton. Mwaka 1923 ilikuwa zamu ya Elizabeth Bowes-Lyon, binti aliyekuwa karibu kuolewa katika familia ya kifalme ya Uingereza. Namna ya kazi inafaa kuangaliwa. Mkaa unashika karatasi kwa wepesi na kuondoka kwa wepesi, kwa hiyo Sargent aliutumia kwa njia mbili zinazokinzana: aliuweka kwa mistari ya kukaza, kisha akaondoa sehemu kwa tonge la mkate, akichimbua mwanga kutoka ndani ya weusi. Nywele nyingi katika picha hizi ni weusi ulioondolewa wala si mistari iliyoongezwa. Nyuma ya kichwa huweka kivuli kizito upande mmoja tu ili shavu litoke mbele. Sitasema zote ni sawa. Zipo alizozifanya kwa mazoea, kola na lulu zikiwa hai kuliko macho. Lakini akipata mtu anayemvuta, kama alivyompata Yeats, mkaa wake unasikiliza.

Sasa tuingie kwenye rangi za maji, na hapa naomba tukae.

Rangi ya maji haisamehe. Rangi ya mafuta unaweza kuiwekea nyeupe juu ya nyeusi kesho asubuhi. Kwa rangi ya maji inayopitisha mwanga, nyeupe yako ni karatasi yenyewe, na ukiifunika umeipoteza. Kwa hiyo mchoraji anatakiwa kujua kabla ya kuchovya brashi ni wapi hataigusa karatasi. Tazama picha ya Corfu ya mwaka 1909, iliyoko Boston: nyumba ndogo nyeupe kwenye jua kali, na juu ya ukuta wake vivuli vya mti. Ukuta ule kwa sehemu kubwa ni karatasi tupu. Alichochora Sargent ni vivuli, vya samawati na zambarau na chembe ya manjano iliyorushwa na ardhi, na jua likajitokeza lenyewe katika nafasi alizoziacha. Ukishaliona jambo hilo katika picha moja utaliona kila mahali: kwenye matanga, kwenye shuka zilizoanikwa za mwaka 1910, kwenye machimbo ya marumaru ya Carrara ambako mwaka 1911 aliwachora wafanyakazi na kamba zao nzito katikati ya weupe wa mawe.

Wengine huhitimisha kwamba alifanya haya bila maandalizi. Nenda kwenye picha ya kanisa la Santa Maria della Salute ya mwaka 1904, iliyoko Brooklyn. Chini ya rangi kuna penseli iliyopima nguzo, matao na ngazi kwa umakini wa mjenzi. Akishajihakikishia mifupa, ndipo anaachia maji yatembee. Tena hakuwa mtu wa kushikilia usafi wa mbinu. Waingereza wa zama zake walikuwa na mabishano marefu kuhusu nani anatumia rangi safi inayopitisha mwanga na nani anachafua kwa rangi nzito. Sargent alichukua vyote. Alikwangua kwa kisu ili kurudisha weupe. Aliweka rangi nyeupe nzito pale palipohitaji kumeta. Na alipitisha nta kwenye karatasi kabla ya rangi, ili maji yakatae kushika mahali hapo. Anayetengeneza batiki huku kwetu ataielewa mbinu hiyo mara moja, maana ni ile ile ya kukinga nguo kwa nta kabla ya kuichovya. Katika "Gourds" ya mwaka 1908, iliyochorwa kisiwa cha Majorca, mbinu zote hizo zimerundikana katika karatasi moja. Hakuna anga wala ardhi wala upeo. Ni majani na vibuyu, na mwanga ukipenya kutoka nyuma, mpaka unashindwa kusema lipi liko mbele na lipi nyuma. Kwangu mimi hiyo ndiyo picha yake ya kuthubutu kupita zote, na hakuna aliyemlipa aichore.

Hakuwa peke yake katika safari hizi. Alisafiri na dada yake Emily, na jamaa za dada yao mdogo Violet, na marafiki wachoraji Wilfrid na Jane de Glehn, na mtumishi wake Nicola d'Inverno. Kule kwenye njia ya mlimani ya Simplon aliwavisha wapwa zake shali za Kashmiri na kuwalaza kwenye nyasi. Mmoja wao, Rose-Marie, aliuawa Paris tarehe 29 Machi 1918, kombora la Wajerumani lilipoangukia kanisa la Saint-Gervais wakati wa ibada ya Ijumaa Kuu. Ukishajua hilo, picha zile za mabinti waliosinzia juani hazitazamiki kama zamani. Emily naye alichora kwa rangi za maji maisha yake yote. Mwaka 1998 jamaa zake walikuta kasha lenye mamia ya picha zake, na miaka ya karibuni wamezigawia makumbusho kadhaa. Hapo pana kazi nyingi kwa mtafiti kijana: ndugu wawili, mandhari moja, karatasi mbili. Si haki kuendelea kumtaja Emily kama mbeba mwavuli wa kaka yake.

Msomaji wa Kiswahili ataingia katika uwanja huu akiwa na macho ambayo wengine hawana. Mwaka 1880 Sargent alikwenda Tangier, Morocco, na kutokana na safari ile akachora mwanamke aliyesimama juu ya chetezo, ametandaza ushungi wake juu ya kichwa ili moshi wa ambari umjae. Picha ya mafuta iko Williamstown, Massachusetts. Ile ya rangi za maji iko Boston, katika jumba la makumbusho la Isabella Stewart Gardner. Wahakiki wa Ulaya wameandika kurasa nyingi juu ya siri na fumbo la tendo hili. Mtu aliyekulia Mombasa, Lamu au Unguja haoni fumbo lolote: mama anajifukiza. Ataona pia jinsi tukio lilivyopangwa mbele ya mchoraji, na mavazi yalivyochaguliwa ili weupe uchezeane na weupe. Ujuzi huo ni wa kitaalamu kama ujuzi wa rangi, na nakusihi usiuache mlangoni. Utakusaidia pia kwenye picha za safari ya 1905 na 1906 huko Shamu na Palestina, alikokwenda kutafuta mali ghafi ya picha za ukutani za Maktaba ya Umma ya Boston. Katika "Bedouins" nyuso mbili zimechorwa kwa ukaribu na heshima, macho yakimtazama mgeni bila kuinama, na chini yake mavazi ya buluu yameachwa yatiririke kama maji yalivyotaka. Alikuwa bado katika safari hiyo Januari 1906 alipopata habari kwamba mama yake amefariki.

Kuna jambo lililo zito zaidi, nalo ni Thomas McKeller. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Wilmington, North Carolina, aliyefanya kazi ya kuendesha lifti katika hoteli ya Vendome, Boston. Sargent alikutana naye mwaka 1916, na kwa miaka kadhaa McKeller akawa modeli wake mkuu wa picha za ukutani za jumba la makumbusho la Boston. Michoro ya mkaa ya mwili wake, ambayo Sargent alimpa Isabella Stewart Gardner, mwenye jumba lile tulilolitaja, ni miongoni mwa michoro bora aliyowahi kuifanya. Misuli ya mgongo, uzito wa paja, mkono ulionyooshwa: kila kitu kimetazamwa kwa subira na, nathubutu kusema, kwa upendo. Kisha nenda ukatazame dari ya jumba la makumbusho la Boston. Mwili ni ule ule, lakini sasa ni Apollo, tena Apollo mweupe, na uso wa McKeller haupo. Hata mwili ulio ndani ya joho katika picha ya Abbott Lawrence Lowell, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyewazuia wanafunzi weusi kulala katika mabweni ya mwaka wa kwanza, ulisimamiwa na McKeller. Kwa muda mrefu michoro hii ilikaa ghalani. Mwaka 2020 jumba la Gardner liliiandalia maonyesho yaliyomtaja McKeller kwa jina kwenye kichwa chake. Hapa ndipo hoja yangu juu ya karatasi inapokuwa zaidi ya suala la mbinu. Bila michoro ile, ukuta ungebaki na siri yake, nasi tungemsifu mungu wa Kiyunani bila kumjua mtu aliyesimama baridini studioni ili mungu huyo apate mwili.

Soma michoro hiyo pamoja na rangi za maji alizozichora Florida mwaka 1917. Alikwenda huko kumchora John D. Rockefeller, kisha akapita Vizcaya, jumba la kifahari lililokuwa likijengwa Miami na James Deering. Badala ya jumba, mara nyingi aliwachora vibarua weusi wakioga baharini, na mamba wamejilaza kwenye tope. Picha za Florida ziko katika makumbusho ya Worcester na Metropolitan, na kwa maoni yangu hazijapewa nafasi zinayostahili.

Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ilimtuma Ufaransa kuchora vita. Alirudi na mada ya "Gassed", turubai lenye upana wa zaidi ya mita sita la askari waliopofushwa na gesi, wakiongozana kwa kushikana mabega. Michoro ya mkaa iliyoliandaa inamchukua askari mmoja mmoja na kuuliza jinsi mtu asiyeona anavyoinua mguu. Yeye mwenyewe aliugua mafua akalazwa, na kutokana na siku zile tuna picha ya rangi za maji ya ndani ya hema la hospitali: vitanda, mablanketi, mwanga ukichujwa na turubai la hema.

Vifaa vya kujifunzia unavyo. Orodha kamili ya picha zake za mafuta na za rangi za maji, iliyotayarishwa na Richard Ormond, mjukuu wa dada yake Violet, pamoja na Elaine Kilmurray, ilichapishwa kwa juzuu tisa kati ya 1998 na 2016. Itumie, hasa kwa tarehe, maana Sargent aliweka tarehe kwenye rangi za maji mara chache, na sahihi nyingi ziliongezwa siku alipoitoa picha kuwa zawadi. Makumbusho yote niliyoyataja yameweka picha zake kwenye intaneti, nyingine kwa ukubwa unaokuwezesha kuhesabu nyuzi za brashi. Ukibahatika kusafiri, usitegemee kuzikuta ukutani. Mwanga hufifisha rangi za maji, kwa hiyo huonyeshwa miezi michache kisha hurudishwa gizani kwa miaka. Andika barua mapema uombe kuziona katika chumba cha wasomaji, taja namba za picha unazozitaka, na uchague chache. Kwa siku ya kwanza mimi ningeomba mchoro mmoja wa Gautreau, mmoja wa McKeller, na karatasi moja ya rangi za maji. Kisha ningemwomba mtunzaji ailaze taa iwe upande, karibu sawa na uso wa karatasi, kwa sababu katika mwanga huo ndipo makovu ya kisu na mng'ao wa nta vinapojitokeza.